Nyuzi Tatu za Shaba

Skrubu ya mlango wa gari la Bi Salome ilikuwa ikizunguka bila kukaza, kwa maana tundu lake kwenye plastiki lilikuwa limelika. Fundi Kibwana akalibandua kava la mlango ili alizibe tundu hilo. Nyuma yake akaona tundu jingine lililokwisha kuzibwa: nyuzi tatu za shaba zimesukwa, zikazamishwa katika plastiki ya mswaki iliyoyeyushwa.

Ufundi ule aliubuni kaka yake, Nassibu, na hakumfundisha mtu ila yeye. Nassibu alisombwa na mafuriko miaka sita iliyopita. Walimwekea matanga bila mwili.

"Mama, hili alikuzibia nani?"

"Fundi mmoja ng'ambo ya mto, mwaka huu huu. Wanamwita Mgeni. Wanasema hata kwao hapakumbuki. Kwani ameharibu?"

"Hajaharibu," Kibwana alisema.

Akazunguka, akaketi kiti cha abiria na grisi yake mikononi, kava la mlango mapajani.

"Nipeleke, mama."

Bi Salome alimtazama usoni, akawasha gari. Wakashika njia ya mtoni, nyaya za mlango zikining'inia.