Maji ya Volti Kumi na Mbili

Ildefons alikunywa kikombe cha kwanza, akatazama saa, akasubiri tumbo lake litoe hukumu.

Robo saa ikapita. Tumbo lilinyamaza. Ndipo akajaza kikombe cha pili, akampelekea mkewe aliyeketi nyuma ya boti, kajitanda kanga.

"Umeonja vizuri?" Clotilda aliuliza.

"Nimemaliza kikombe kizima, waitu."

"Bado yananuka petroli. Onja tena."

Akaonja tena. Uhayani anayekukaribisha rubisi hunywa kwanza mbele ya macho yako, ujue hajakutilia kitu. Clotilda aliihamishia desturi hiyo kwenye maji, kisha kwenye uji, kisha hata kwenye mayai ambayo daktari aliagiza mgonjwa ale. Ildefons hakubisha. Mgonjwa ana haki ya kudeka.

Boti yao ilikuwa ndogo, ya kukusanya samaki visiwani Muleba na kuwaleta Bukoba. Walilala humo siku nne, tano kwa wiki, na shida ilikuwa maji. Kuni haziwashwi katika boti yenye madebe ya petroli. Maji mabichi ya ziwa daktari alikuwa ameyapiga marufuku: kuhara kwa siku mbili tu kungemmaliza mwenye ugonjwa ule. Tena ulikuwa mwaka 1994. Vita ya Rwanda ilikuwa imetupa maiti za watu mtoni Kagera, na mto haukuuliza uwapeleke wapi.

Walipimwa ukimwi wote wawili mwezi Juni. Siku ya majibu Ildefons alikuwa visiwani, kwa hiyo Clotilda alikwenda hospitali peke yake. Alimsubiri mwaloni mpaka boti ikatia nanga, akamwambia bila kupepesa: yeye anao, mumewe hana.

Ildefons alimkumbuka Karugendo, mdogo wake. Mwaka uliotangulia Karugendo alipewa majibu kama hayo, akapiga makasia kuelekea kilindini, na mtumbwi ukarudishwa na upepo ukiwa mtupu. Msibani Ildefons alisema mbele ya watu wote, Clotilda akiwa ubavuni mwake: "Alifanya kiume. Ningekuwa mimi, nisingesubiri hata jua lizame."

Lakini sasa alikuwa na mgonjwa. Mwenye mgonjwa kazi yake ni kubaki.

Kesho yake aliingia katika duka la Jagdish, mjini. Jagdish alimwekea mashine mbili mezani. Kila moja ilikuwa na pampu ya kusukuma maji kwa nguvu kwenye chujio nene kama mkono wa mtu.

"Hii kubwa inatoa lita arobaini kwa saa," Jagdish alisema. "Lakini inataka volti ishirini na nne. Betri mbili, na itazila kama nzige."

"Na hii?"

"Volti kumi na mbili, ampea nne. Betri moja ya gari inakutosha wiki. Ila sikudanganyi, Bwana Ildefons, hii haitiririki. Inakojoa."

"Mke wangu si ng'ombe. Nifungie hiyo inayokojoa."

Akaifunga chini ya benchi la boti, akaisoma kama mtu anavyomsoma mke mpya. Aliiwasha kwa muda wa saa moja kila asubuhi, haikuzidi. Sauti yake ikianza kukwaruza, alijua betri imeshuka, akaizima kabla haijafa kabisa. Chujio alilisugua kwa mswaki kila Jumamosi. Kila Jumatatu aliipeleka betri Hamugembe kuchajiwa, akiibeba begani, kwa maana baiskeli iliimwaga tindikali.

Wavuvi walimcheka. "Ildefons, taratibu! Mashine yako itatukaushia ziwa!"

"Likikauka mtaokota samaki kwa mikono, wavivu nyie."

Naye alikuwa na la kujivunia. Miezi ilipita na Clotilda hakupungua hata kidogo. Hakuhara, hakukohoa, alivuta nanga na kupakua masanduku ya samaki. Ni Ildefons aliyelazimika kutoboa tundu jipya kwenye mkanda wake, kisha la pili. Hakushangaa. Kuuguza kunamla mtu.

"Nikishindwa mimi," alimwambia mkewe siku moja, "nani atakuwashia hiki kidude?"

"Kwa hiyo usishindwe," Clotilda alisema, akamrudishia kikombe. "Onja."

Jumatatu moja ya Februari, akitoka Hamugembe, Ildefons alianguka mwaloni na betri yake begani. Clotilda alimfikia mbio. Hakuita mtu. Alimfunga mgongoni kwa kanga kama mtoto, akapanda naye mpaka hospitali bila kupumzika njiani, akamlaza kitandani.

Muuguzi Adventina alipokuja na kipimajoto, Ildefons aliusukuma mkono wake.

"Sista, anza na yeye," alinong'ona. "Mgonjwa ni yeye. Leo hajapata maji yake. Mimi ni uchovu tu."

Adventina alimtazama mwanamke yule mnene wa mabega, ambaye hata hakuhema. Akamvuta ukumbini, akafunga mlango.

"Mama, mimi ndiye niliyekupa majibu yenu mwezi Juni. Kwa nini mzee hajui?"

Clotilda alikuwa akiikunja kanga, pembe kwa pembe.

"Anayajua, sista," alisema. "Yake niliyafanya yangu, yangu nikampa yeye."