Asiyeshikwa

Watoto walikuwa wakicheza kukimbizana, na anayeguswa ndiye anayegeuka mkimbizaji. Siku hiyo niliwahi kumfuata binti yangu shuleni, nikasimama kwenye uzio kumtazama.

Alikimbia kwa ule mwendo wake wa kuyumba, kamba ya kiatu ikiburuzika vumbini, akicheka hadi kushikwa na kwikwi. Wenzake walimpita kushoto na kulia. Mmoja alimfikia, mkono umeshanyooka, akaurudisha haraka kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Hapa hatubagui, mama," mwalimu wa michezo aliniambia. "Hata mwenye ulemavu wa akili anacheza na wenzake. Si unaona anavyofurahi?"

Wiki nzima, kila akirudi nyumbani, mtoto alinisimulia kwamba hajashikwa hata mara moja. Nami nilikuwa nikimpigia makofi.

Nilivua viatu, nikaingia uwanjani, nikamkimbiza. Hatua nne tu, nikamgusa bega.

Alisimama. Aliutazama mkono wangu, kicheko kikamkauka mdomoni.

"Mama," alininong'oneza, "kwani wewe mwalimu hakukuambia? Mimi siguswi."