Kiboko Asiyepigwa

Mungu anisamehe, niliwahi kumcheka Mzee Lumuli, bondia wa zamani wa mtaani kwetu, kwa kuwa alipigwa mara mbili ulingoni. Basi sikiliza ya Kiboko.

Kiboko alikuwa hajawahi kupigwa. Akamwendea mwamuzi, Nguchiro, akadai apewe kigoda cha bingwa wa mabingwa, alichokalia mzee Nyati.

“Nyati alipigwa na Tembo, akapigwa na Kifaru. Mimi nani kanipiga?”

“Hakuna,” alisema Nguchiro. “Ila mlipigania wapi, bwana mkubwa?”

“Bwawani kwangu. Anayenitaka si anifuate?”

Fisi, aliyekuwa akisikiliza kando, akaangua kicheko. “Ndiyo maana! Ngiri wa watu, ulipopigana naye humo majini, alikuwa anatafuta pa kukanyaga tu!”

“Mwanangu,” Nyati alisema kwa upole, “mimi nilimfuata kila mtu kwake. Kifaru alinipiga kwake, nikarudi kwake nikamshinda.”

Kiboko aliona haya. Akapanda nchi kavu, akamkabili Kifaru, akabwagwa chali mchana kweupe. Aliinuka akijipangusa vumbi, akijua kigoda kimempita.

“Nimekwisha,” alisema.

“Ndiyo kwanza unaanza,” Nguchiro alimjibu. “Jana sikuwa na cha kukupimia. Leo ninacho.”

Nyati akasogea kidogo kigodani, akamkaribisha Kiboko akae, wakabanana wote wawili, kigoda kikalia kwa uzito. Kiboko akacheka kuliko siku zote alizoshinda.

Nawe ndugu yangu, ukimkuta Mzee Lumuli, tafadhali mpe mkono kwa niaba yangu.