Kobe wa Kijito cha Zamani

Mgodi ulikuwa umehamisha kijito, Tunu akatumwa kuangalia kama wanyama nao wamehamia. Maji mapya yalipita juu ya saruji, safi kabisa, bila hata kiluwiluwi mmoja. Kobe wa maji ambaye Tunu alimtia humo asubuhi, mwenye alama ya rangi nyeupe mgongoni, alimkuta amerudi kwenye kijito cha zamani, anachimba udongo mkavu akitafuta tope.

"Dada, toka hapo! Namwaga kifusi!" dereva wa lori alipaza sauti.

"Subiri, kaka. Hapa ndipo kwao."

"Si kobe tu huyo? Mbebe!"

"Nimpeleke wapi?"

Tunu akamimina maji yake ya kunywa kwenye kishimo. Ardhi ikayanywa yote. Akapiga magoti, akachimba kwa mikono kando ya kobe. Nyuma yao bodi ya lori ikaanza kuinuka, ikasita.