Siku Mbili kwa Stamili

Milango ya waombaji wote wa mkopo wa nyumba ilihesabu watu. Mgeni akilala usiku wa tatu, benki ilimwandika kuwa mtegemezi, na ombi lilirudi mwisho wa foleni.

Stamili alikuwa amesubiri jibu miezi kumi na moja mama yake, Bi Mwanahawa, alipokuja kutoka Kondoa na mkoba mmoja. Macho yalikuwa yamefifia. Hakuweza tena kuishi peke yake.

Majirani walikuwa na dawa ya jambo hilo. Wote walikuwa na maombi, wote walikuwa na wazee, basi walibadilishana wazee: siku mbili hapa, siku mbili kule.

"Mgeni siku mbili," Bi Mwanahawa alitania alipopelekwa kwa Mama Upendo, nyumba ya pili. "Ya tatu nilitegemea jembe, kumbe mnanipa mlango!"

"Vumilia mama, ni wiki chache tu," Stamili alisema.

Wiki zikawa miezi saba. Hatimaye, Jumanne asubuhi, mlango ulitangaza kwamba ombi limekubaliwa. Stamili alikimbilia jikoni akamkumbatia mama yake.

"Nyumba ni yetu, mama! Sasa hutoki tena."

"Alhamdulillahi, mwanangu."

Akamtandikia shuka mpya. Jioni alimkuta sebuleni, amejitanda khanga, mkoba mapajani, uso ameuelekeza mlangoni.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Hapa nimeshalala siku mbili," mama alijibu kwa upole, kama mtu asiyetaka kumsumbua mwenyeji. "Leo nalala kwa nani?"