Mstari wa Katikati

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Skolastika alisimama mbele ya Katekista Kalisto, aliyekuwa akiandika majina ya kuombewa misani: wazima kushoto, marehemu kulia.

"Mume wangu, Anselmi."

Anselmi alipotelea msituni miaka saba iliyopita. Maiti haikuonekana.

"Nimwandike kulia, mama?"

"Sijui, Mwalimu."

"Mtu wa sala hasemi sijui."

"Basi mwandike katikati. Mungu anajua kusoma."

Kalisto aliliandika jina kwenye mstari unaotenga safu.

Misani, wazima waliitikiwa "Ee Bwana, utusikie", marehemu "Apumzike kwa amani". Mwishoni Kalisto akasoma, "Anselmi."

Kanisa likanyamaza. Kalisto mwenyewe hakujua aongoze kiitikio kipi. Skolastika peke yake akapiga magoti.