Mtihani wa Ubaoni

Kalamu ilikauka Torgunn akiwa mstari wa tatu. Aliitikisa, akaijaribu tena, ikakwaruza ubao mweupe bila kuacha alama.

"Shika hii," Sindre alisema, akamrushia nyingine. "Muda unakwenda, mama."

Sindre alikuwa ameletwa kwa ndege asubuhi ile kutoka Oslo, kazi yake kusaili waandika programu. Umri wake ulikuwa wa kitinda mimba wa Torgunn. Pembeni yake alikaa Vigdis, mkuu wa utumishi wa kampuni ya feri iliyoitisha usaili huo, na kahawa yake alikuwa hajaigusa.

Nafasi zilikuwa nne, wanaozitaka kumi na mmoja. Torgunn alikuwa na miaka hamsini na saba. Akikosa hapa, mji mzima wa Trondheim hakuna wa kumwajiri, na hilo alilijua.

Swali lilikuwa hili: aandike programu ya kupanga majina laki moja kwa alfabeti, kwa mkono, pale ubaoni. Mara ya mwisho kuulizwa kitu cha namna hiyo alikuwa chuoni, hajaolewa.

"Kazini hakuna anayeandika hivi," alisema. "Amri ya kupanga ipo tayari ndani ya kompyuta. Unaiita, inapanga."

"Na siku isipokuwepo?"

"Siku hiyo hata feri hazitakuwepo, kijana."

Vigdis alicheka kidogo, halafu akajifanya anakohoa.

Torgunn aliandika, akafuta kwa kiganja, akaandika tena. Wino ukamchafua hadi kwenye kiwiko.

"Sawa," Sindre alisema. "Na orodha ikija tupu, haina jina hata moja?"

Torgunn aliutazama ubao. Ikija tupu, programu yake ilikuwa inakufa pale pale mstari wa kwanza. Kosa la mwanafunzi.

"Haya, la mwisho," Sindre alisema. "Kwa nini unataka kufanya kazi hapa?"

Torgunn alimtazama Vigdis. Vigdis akatazama dirishani.

"Nazipenda feri," alijibu hatimaye. "Theluji inyeshe isinyeshe, zinaondoka kwa saa yake."

Sindre alijumlisha alama, akafunga kompyuta. "Hazijatosha, mama. Pole. Mtihani ni mmoja kwa wote."

Torgunn aliiweka kalamu mezani taratibu, kama kitu cha kuvunjika. Vigdis alimfuata hadi mlangoni, akamshika bega.

"Maboksi nimeshayaweka kwenye meza yako," alinong'ona. "Miaka kumi na tisa hapa, Torgunn, vitu vya kufungasha vitakuwa vingi."